Pili Mloka na Kiapo cha Heshima

Ukiingia dukani kwa Mama Nalini, pale mjini Morogoro wanapouza vitambaa vya sare na mapazia, mtu wa kwanza kukukaribisha ni Pili Mloka. Atakupimia kitambaa kwa rula ya mbao, atakikata bila kupinda, na kama mmezoeana atakusema kidogo kwa jinsi unavyovaa. Asubuhi ndiye anayefungua duka, jioni ndiye anayefunga, na ufunguo analala nao. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mama Nalini hakumwapisha. Alimtazama wiki mbili akifanya kazi, kisha akamkabidhi.

Nimeanza na ufunguo kwa makusudi. Ipo shule moja, Sekondari ya Kigunga, kwenye njia ya kupandia Uluguru, ambayo kila Januari huwasimamisha watoto wapya juani na kuwatangazia kwamba Pili Mloka si mwaminifu. Nilisoma hapo pamoja naye, na sasa nafundisha hapo historia. Jina langu ni Kibwana. Tena mimi ndiye mwalimu wa nidhamu, cheo ambacho nikikitaja huwa natamani kutema mate.

Pili na mimi tumezaliwa mlimani, vijiji viwili vinavyotazamana, bonde katikati. Kwetu Uluguruni mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wake ni mjomba. Ukoo wa kina Pili na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu ambao hakuna anayewakumbuka. Asiyejua utani anadhani ni mchezo wa kuchekeshana. Ni kazi. Sisi tukifiwa, wao ndio wanaochimba kaburi, na wao wakifiwa tunachimba sisi. Bibi yangu alipofariki, mjomba wa Pili, mzee Kasiani, aliingia kaburini akajilaza, akasema hapa pazuri, marehemu atafutiwe pengine, na hakutoka mpaka alipopewa jogoo. Mama yangu alikuwa analia, akacheka, akaendelea kulia. Hiyo ndiyo maana yake. Mtani anakutukana ili usife kwa huzuni, na wewe huruhusiwi kumkasirikia.

Basi tangu darasa la kwanza mimi nilikuwa nikimwita Pili mwizi. Ukoo wao wote nilikuwa nikiwaita wezi wa ndizi. Yeye alikuwa akiwaonya wageni wasiache chakula karibu nami, kwa sababu kwetu watoto huzaliwa na meno. Walimu wetu wa msingi, Waluguru watupu, walicheka wakaendelea kufundisha. Hakuna aliyewahi kuuliza ndizi gani ziliibwa.

Tulipofika kidato cha tatu pale Kigunga, mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Allen, mtu wa mbali, aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo. Alirudi na Kiapo cha Heshima. Alitukusanya akatuambia kwamba msomi halindwi kama mbuzi. Kuanzia siku ile mwalimu angegawa karatasi za mtihani, angetoka nje na kufunga mlango. Chini ya kila karatasi ya majibu palichapwa sentensi mbili: "Sikudanganya. Sikumwona aliyedanganya." Unatia saini. Kama ulimwona mtu, unakata sentensi ya mwisho na kuandika jina lake. Aliyeona akanyamaza ana kosa sawa na aliyedanganya, na aliyemsingizia mwenzake ana kosa hilohilo. Kosa lenyewe lilikuwa na adhabu moja, kufukuzwa, na jina kuingia kwenye orodha inayosomwa kila mwaka Siku ya Kiapo, mbele ya wanafunzi wapya na mabango ya karatasi ngumu yenye maneno mazuri.

Niseme haki, maana hata mbuzi aliyekupiga pembe ana maziwa. Tulikipenda kile kiapo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kutufungia mlango na kutuacha na akili zetu. Nakumbuka ule ukimya. Wavulana waliokuwa wakiandika majibu kwenye mapaja waliacha, wengine kwa aibu, wengine kwa hofu, lakini waliacha. Na aliyekipenda kuliko wote ni Pili. Alisema siku akiwa nesi atataka hospitali yenye kiapo kama hicho, ambapo mgonjwa anakupa mkono bila kukuuliza sindano ina nini.

Julai mwaka 2009 tulifanya moko, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Siku ya hisabati nilimaliza mapema kwa sababu sikuwa na cha kuandika. Pili alikuwa mbele yangu, anasugua pua kama anavyofanya mambo yakimnyookea. Nikafika chini ya karatasi, nikakata sentensi ya mwisho, nikaandika: "Nimemwona Pili Mloka. Ukoo wao wote ni wezi, hata babu yao alifia kwenye migomba ya watu."

Nilimwandikia mwalimu wetu wa hisabati, mzee Mluguru aliyekuwa akisoma vituko vyetu kwa sauti darasani na kutuchapa kidogo kwa ajili ya heshima. Nilijua atacheka. Nilijua Pili naye angelipiza moko wa fizikia. Sikujua kwamba mwaka ule karatasi zinapitia kwanza kwenye Kamati ya Heshima, yaani Mwalimu Allen na walimu wawili wageni ambao hata kilima cha kwanza hawajawahi kukipanda.

Kamati ilisoma sentensi yangu ya kwanza ikaipigia mstari. Habari ya babu na migomba wakasema haihusiani na mtihani, wakaiacha. Kisha wakatazama alama za Pili. Alikuwa na tisini na sita, na aliyemfuata alikuwa na sabini na moja. Wakasema hiyo pia ni dalili.

Mzee Kasiani alishuka mlimani kwa miguu, alfajiri, amevaa koti lake la kanisani. Mjomba ndiye anayeitwa. Aliamkia kila mtu hata waliokuwa wadogo kwake, akaketi, akaieleza kamati utani ni kitu gani. Alieleza vizuri, pole pole, kama anayemfundisha mgeni njia. Alisema, "Huyu kijana ni mtani wetu. Akimwita mtoto wangu mwizi, amemsalimia." Mwalimu Allen alimwacha amalize, kisha akamjibu kwamba mila ni jambo jema na zibaki huko huko kijijini, hapa wanafuata maandishi. Pili naye alisema hivyo hivyo, kwamba Kibwana anatania, mwiteni mumuulize.

Wakaniita. Nilikuta Pili amesimama kando ya mjomba wake na hana wasiwasi. Mwalimu Allen aliiweka karatasi yangu mezani.

"Kibwana, hii ni saini yako. Ulimwona au hukumwona?"

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, si mtoto. Nilijua ukweli ni upi. Nilijua pia kwamba nikisema sikumwona, nimemsingizia mwenzangu kwa maandishi na saini, na jioni ile ningepanda mlima na godoro langu kichwani. Mama yangu alikuwa amelima kwa watu miaka minne ili nifike pale. Yote hayo yalipita kichwani mwangu kwa muda usiotosha kumeza mate.

Nikasema, "Nilimwona."

Hapo ndipo utani ulipogeuka uongo. Watu wananiambia kosa ni la kiapo, na kweli, karatasi ile ilitengenezwa na mtu asiyejua anawatengenezea akina nani. Mtego ni wa Mwalimu Allen. Lakini kinywa kilikuwa changu.

Pili alitazama meza. Mzee Kasiani alisimama, akamshika mkono, na mlangoni akageuka akaniambia, "Haya mtani, umetushinda." Hakuwa na neno lingine la kuniambia, kwa sababu mila haikumpa. Alifariki miaka mitatu baadaye. Ilikuwa zamu yetu kuchimba kaburi, na mimi nikatuma salamu kwamba naumwa.

Pili alifukuzwa Julai, mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Aliufanya mwaka uliofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Akaomba chuo cha uuguzi. Chuo kikataka cheti cha kumaliza shule chenye sehemu ya mwenendo, na Kigunga wakamwandikia kwa wino mweusi: si mwaminifu. Akajaribu chuo kingine, na kingine. Kisha akakitia kile cheti kwenye mfuko wa plastiki, akaanza kuuza karoti na njegere soko la Mawenzi. Aliolewa na Frank, wakapata binti, Tumaini. Frank akaenda Gairo kufuata biashara ya karanga na hadi leo anaifuata. Ndipo Pili akaingia kwa Mama Nalini.

Mimi nilimaliza, nikasomea ualimu, nikapangiwa Kigunga. Mungu naye ana utani wake.

Kinachonitesa ni kwamba Pili hakuniacha. Angenitukana kwa hasira, ningepumua. Tukikutana mjini ananitania kama kawaida: kitambi changu, upara wangu, mke wangu aliyekosa macho siku ananikubali. Alikuja harusini kwangu akadai sahani ya bwana harusi na akapewa. Jambo moja tu halitaji tena. Tangu mwaka ule hajaniita mwizi, na mimi sijamwita.

Desemba iliyopita alinifuata nyumbani, mchana, ameshika fomu ya kujiunga na shule. Tumaini alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, Kigunga. Hakutania. Aliniambia kwamba binti anajua mama yake aliacha shule kwa kuugua, na kwamba hilo ni kosa lake, alikuwa akingoja mtoto akue ili amweleze. Sasa ataelezwa na kipaza sauti. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka kumi na tano.

"Kibwana, sikuombi kingine. Jina langu lisisomwe mbele ya mtoto."

Nikamwambia halitasomwa. Nilisema kwa moyo wangu wote, na siku ile nililala usingizi mzuri.

Nafasi ilikuwepo. Bodi ya shule ilikuwa imeitisha mkutano wa wazazi na walimu kuamua hatima ya kiapo: kibaki, kirekebishwe, au kifutwe. Tulikaa saa nne kwenye bwalo. Mwalimu wa kemia alitaka kifutwe, alisema kumwacha mtoto na mtihani bila msimamizi ni kumwacha fisi na bucha, halafu kumlaumu fisi. Mzazi mmoja, dereva wa lori, alitaka kibaki kama kilivyo. Alisema mwanawe alirudi nyumbani siku moja akamwambia baba, umemdanganya mteja, na yeye alilia kwa furaha. Nilimwamini yule dereva. Mama mwingine aliuliza kwa nini tunawafundisha watoto kuchungana badala ya kujichunga, na watu wakapiga makofi, kisha wakaendelea na mengine.

Nilisimama nami nikasema kile kipengele cha kuandika jina la mwenzako kiondolewe, na orodha isisomwe tena. Nikasema wapo waliosingiziwa. Mwenyekiti akaniuliza nina mfano. Nikajibu kwamba nasema kwa ujumla.

Mwisho wakapiga kura kirekebishwe. Marekebisho yenyewe ni kwamba fomu ya kiapo itapigwa muhuri, mzazi naye atatia saini, na maandishi ya mzaha juu ya karatasi ya mtihani yatahesabiwa kuwa kosa la kinidhamu. Orodha itaendelea kusomwa, kwa sababu ndiyo inayowaogopesha. Chai ikaletwa na sambusa.

Nilimfuata mkuu wa shule ofisini kwake. Madam Josephine ni mtu wa haki, na ninalisema hili nikiwa na sababu ya kumchukia. Nilimweleza kwamba jina la Pili Mloka liliingia kimakosa. Akatoa faili kabatini, akapekua, akasoma, akavua miwani. Jina la shahidi lilikuwa pale.

Hakunikaripia. Alisema kanuni ni nyepesi: shahidi akiandika kwa mkono wake kwamba alisema uongo, jina linatoka siku hiyo hiyo, na cheti kipya kinaandikwa. Lakini aliyesingizia naye ni mkosaji wa kiapo, na jina lake linakaa palipokuwa na lile. Kuhusu kazi yangu, alisema, hataripoti mahali popote, ila hawezi kuahidi kwamba hakuna atakayeuliza inakuwaje mwalimu wa nidhamu yumo kwenye orodha anayoisoma. Akasogeza karatasi nyeupe na kalamu.

"Andika, Mwalimu Kibwana. Ni mistari mitatu."

Nikamwambia anipe nafasi nifikirie maneno. Akasema Siku ya Kiapo ni Jumatatu ya kwanza ya masomo, saa mbili. Kabla ya hapo.

Nilikuwa na wiki tatu. Nilimaliza daftari zima. Niliandika barua ndefu za kueleza utani, nikaandika fupi, nikaandika moja kwa Kiluguru nikaichoma. Kila moja ilikuwa na kweli yote isipokuwa zile tatu: sikuona, nilisema niliona, niliogopa. Nilifikiri juu ya wanafunzi wangu kunizomea, mke wangu kuulizwa kisimani, ukuu wa shule wa kata ya jirani ambao nilikuwa nimeshasikia utanijia. Mtu wa miaka thelathini na mbili alikuwa na hofu ile ile ya yule wa kumi na saba, imenenepa tu.

Jumatatu Madam Josephine alinikuta kwenye ngazi za ofisi. Aliniuliza kama nimeileta. Nikasema bado kidogo. Akanipa orodha na kipaza sauti, kwa sababu kusoma orodha ni kazi ya mwalimu wa nidhamu.

Kidato cha kwanza walikuwa wamepangwa kwenye nyasi, sare mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Tumaini alikuwa safu ya mbele. Nilimjua kwa namna anavyosugua pua. Majina yalikuwa kumi na mawili na la Pili lilikuwa la tatu. Ningeweza kuliruka. Nani angenikamata zaidi ya mwanamke mmoja aliyesimama nyuma yangu, ambaye pengine angenyamaza na kushukuru? Nilisoma la kwanza. Nilisoma la pili. Nikavuta pumzi.

"Pili Mloka. Kidato cha nne, 2009. Udanganyifu katika mtihani. Alifukuzwa."

Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nina sauti nzuri ya mkutano, watu hunisifu. Sikumtazama mtoto. Niliendelea mpaka la kumi na mbili, nikawaambia heshima ni mali ya mtu, na wakapita mmoja mmoja kutia saini.

Baada ya hapo nilijificha nyuma ya maktaba. Tumaini akanipata. Alikuja mbio, nikajiandaa kwa machozi, nikaanza kutafuta uongo mwingine.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Alikuwa anacheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja ili asicheke sana mbele ya mwalimu.

"Mama aliniambia jana nisiogope shule, kuna Mwalimu Kibwana ni mtani wetu. Akaniambia utanitania mpaka nikome, nisikasirike. Lakini mwalimu, siku ya kwanza tu, kumtia mama kwenye orodha ya wezi! Nimebanwa na kicheko pale mbele, nimeuma ulimi. Ngoja nikamwambie, atakulipiza."

Nyuma yake, kwenye kona ya jengo, walisimama wasichana watatu wa darasa lake jipya. Walikuwa wananong'onezana juu yake na hawakuwa wanacheka.

Nilifungua kinywa nimwambie. Kisha nikacheka naye.